Siku Kumi na Moja Zilizobaki

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, Ijumaa ya tarehe 9 Mei 2025, seva ndogo iliyokaa juu ya meza ya cherehani nyumbani kwa Bi Zuwena, Dunda, mjini Bagamoyo, iliandika mstari mmoja usiolingana na mingine. Mstari ulisema kwamba simu ya Mikdad, mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, imejitambulisha ikitokea Chalinze. Sekunde mbili baadaye mstari uliofuata ulisema simu hiyo hiyo inatokea Maskati. Hakuna mtu awezaye kutoka Chalinze hadi Maskati kwa sekunde mbili, wala simu yake.

Aliyeusoma mstari huo ni Shamsia, dada yake Mikdad. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya kampuni ndogo inayouza waifai kando ya barabara: nyumba za wageni, hoteli za chai, maegesho ya malori. Kila asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, alisoma kumbukumbu za seva kama wengine wanavyosoma nyiradi. Siku ile alichelewa, akaisoma ile mistari muda mfupi baada ya kuandikwa. Hakushtuka. Aliandika saa kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza pembeni, akaenda kumpa mama yake dawa ya presha.

Seva ile ilikuwa na kazi moja tu. Mikdad alipokwenda Maskati, Januari ya mwaka 2024, kwa kazi ya kupanga bidhaa ghalani, familia iliambiwa kwamba huko programu za simu zilizozoeleka hazipigi. Bi Zuwena alikuwa ameuza nusu ya shamba lake la minazi la Kaole ili mwanawe asafiri. Watu walikuwa wamekula pilau, dua imesomwa, na yeye hakuona sababu ya kukosa kusikia sauti ya kijana wake baada ya yote hayo. Basi Shamsia akatengeneza njia yao wenyewe: programu ya simu aliyoiandika kwa mkono wake, na seva ya kuipokea, hapo hapo ubavuni mwa cherehani. Tangu siku hiyo Mikdad alipiga kila Ijumaa kiasi cha saa nne na robo, kabla wanaume hawajaanza kukoga kwa ajili ya msikiti.

Seva iliandika kila simu imetokea wapi. Mikdad alilijua hilo, na alijua pia nani husoma.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 16, mstari wa Chalinze ulirudi, nao ukafuatwa na wa Maskati baada ya sekunde mbili zile zile. Mara hii Shamsia alikwenda dukani kwa Mahmoud, karibu na soko, akanunua simu iliyotumika ya aina aliyonayo Mikdad. Akaifungia chumbani siku nzima.

Alichokigundua si kigumu kueleza. Mtu anayetaka kuficha mahali alipo hukodi VPN, nayo ni kama handaki: kila kitokacho kwenye simu hufungwa kwa maandishi ya siri, hupitishwa humo, kikatokea upande wa pili katika nchi aliyoichagua mwenye simu. Apokeaye huiona nchi ile tu. Simu zina pia swichi ya kuhakikisha kwamba handaki likikatika hakuna kitakachotoka kabisa, na watu huiwasha swichi hiyo wakastarehe. Ila mfumo endeshi wa simu ile ulikuwa na kasoro. Simu ilipohama kutoka laini ya kawaida kwenda kwenye waifai, mfumo uliziruhusu programu kuzungumza na dunia kabla handaki halijasimama upya. Nafasi hiyo haikuzidi sekunde mbili. Lakini programu ya Shamsia ilikuwa na tabia moja, ambayo yeye mwenyewe aliiandika ili mama asingojeshwe: ilijitambulisha mara tu ilipopata mtandao. Kwa programu yenye haraka namna hiyo, sekunde mbili zilitosha. Shamsia alijaribu mara arobaini. Simu ilivuja mara ishirini na sita.

Kuhusu Chalinze hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Anwani ile ya mtandao aliipanga yeye, mwezi wa Februari, akiwa amesimama juu ya paa la nyumba ya wageni iliyo jirani na maegesho ya malori, huku Dadi, fundi mwenzake, akimshikia ngazi na kumtania kwamba akianguka atarithi kompyuta yake. Kisheria hakutakiwa kuzitumia anwani za kampuni kwa mambo ya nyumbani. Alijua, na alitumia.

Tarehe 23 Mei ikatokea mara ya tatu, na hapo Shamsia akaiondoa alama ya kuuliza. Mikdad alikuwa Chalinze. Alikuwa amekodi handaki lenye mlango Maskati ili dada yake, akisoma kumbukumbu, aione Maskati. Tangu lini? Alirudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Mpaka tarehe 22 Novemba anwani zote zilikuwa za kampuni ya simu ya huko Maskati. Kuanzia tarehe 29 zilikuwa za kampuni ya kukodisha VPN, bila kuvuja, inaelekea kwa sababu alikuwa hajaanza kutumia waifai. Nchi ni ile ile, mwenye anwani si yule yule. Shamsia alikuwa akiangalia nchi na kuishia hapo. Kwa miezi sita ukweli ulikuwa umeandikwa wazi mbele yake, kila Ijumaa, naye akaupita.

Hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe.

Akafanya kile ambacho kazi yake ilimfundisha. Katika fani ile anayegundua kasoro hapigi kelele. Humwandikia mhusika kwa faragha, humweleza alichokiona na saa alizokiona, kisha humpa muda wa kurekebisha kabla ya kuwaambia wengine. Waliotengeneza mfumo wa simu aliwaandikia kurasa tatu, akawapa siku tisini. Wakamjibu kwa adabu kwamba wamepokea na wanachunguza. Halafu, saa ile ile na kwa mpangilio ule ule, akamwandikia mdogo wake:

"Mikdad. Simu yako inavuja kila inapohamia waifai. Tarehe 9, 16 na 23 Mei imejitambulisha ikiwa Chalinze. Sijamwambia mtu. Nakupa siku thelathini umweleze mama mwenyewe. Ikifika tarehe 22 Juni hujamweleza, nitamweleza mimi."

Mwanzoni kulikuwa na sentensi moja zaidi, iliyosema kwamba chumba chake bado hakijapewa mtu na mama hukifagia kila Alhamisi. Shamsia aliisoma upya barua yote, akahakiki tarehe, akaifuta sentensi hiyo kwa kuwa haikuhusiana na jambo.

Siku thelathini hakuzichagua kwa kubahatisha. Alitazama kadi ya kliniki ya mama yake: presha ilikuwa juu, ila kwa miezi minne haikupanda wala kushuka. Tisini aliona ni nyingi mno kwa mtu wa miaka sitini na minane. Saba aliona ni chache kwa mtu mwenye aibu. Majibu yalikuja baada ya muda wa saa nne. "Nimekuelewa, dada. Siku thelathini."

Mikdad hakuacha kupiga. Alipiga tarehe 30 Mei na tarehe 6 Juni, na hakujisumbua hata kuzima waifai: Chalinze, kisha Maskati, kila mara. Shamsia alikaa upande wa pili wa chumba akimsikiliza mama yake akiuliza habari za joto la Uarabuni, na mdogo wake, aliye mwendo wa saa mbili kwa gari, akijibu kwamba ni kali mwaka huu. Alitaka kujua anafanya kazi gani pale, analala wapi, nani alimpokea aliporudi. Hakuuliza. Maswali hayo yalikuwa nje ya muda aliompa.

Siku ya Idi Kubwa, Jumamosi tarehe 7, alipiga tena mchana. Bi Zuwena alikuwa amekaa kitandani na kanga mpya, amechangamka.

"Umekula nini leo, baba?"

"Pilau, mama. Tumechinja huku."

"Pilau ya Waarabu haina bizari. Ile si pilau, ule ni wali uliotishwa."

Mikdad alicheka mpaka akakohoa. Mama akamwacha amalize, halafu akaongea kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayekumbusha chumvi.

"Usinikawilie, Mikdad. Siku yangu ikifika nataka unishushe wewe. Kaka Mwinyijuma magoti hana. Ataniangusha, niwafikie malaika Munkar na Nakir nimechubuka."

Shamsia alitazama sekunde zikihesabika kwenye kioo cha simu.

"Nakuja, mama. Mwezi huu huu."

Mwanamke akizikwa pwani ile, anayeshuka kaburini, kwenye mwanandani anapolazwa maiti, kumpokea ni maharimu yake: mume, mwana, au ndugu wa damu. Mume wa Bi Zuwena, mzee Haji, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Mwana wa kiume ni mmoja. Ndugu ni mmoja, huyo Mwinyijuma, mwenye miaka sabini na mitatu na fimbo mbili.

Bi Zuwena alifariki Jumatano tarehe 11 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa ameshasali alfajiri, ameomba chai ya tangawizi. Shamsia alipoileta alimkuta amelalia upande mmoja, mdomo umepinda, hajibu. Daktari wa zahanati alifika saa moja na dakika arobaini, akasema ni kiharusi, na kwamba hakuteseka muda mrefu. Shamsia alimuuliza muda mrefu ni kiasi gani.

Kufikia saa tatu baraza lilikuwa limejaa. Mjomba Mwinyijuma alikwisha tuma watu makaburini, kaagiza sanda na kafuri, na jambo lililobaki lilikuwa saa. Desturi ya pale inajulikana: mtoto aliye ng'ambo hangojwi, ataombea huko huko, aliye mahali ambapo gari linafika hungojwa hadi sala inayofuata. Mjomba akamwambia Shamsia ampigie Mikdad, sauti itoke nje wasikie wote.

Mikdad alilia. Hakuna aliyekuwa barazani aliyetilia shaka kilio kile, na Shamsia pia hakukitilia shaka, kwa kuwa kilikuwa cha kweli. Alipoweza kuzungumza alisema kwamba amekwisha uliza, hakuna ndege yenye nafasi kabla ya Ijumaa. Mjomba akamliwaza, akamwambia asijilaumu, mama yake ameondoka radhi naye. Kisha akatangaza: watazika baada ya adhuhuri.

Chumbani, juu ya meza ya cherehani, seva ilikuwa imeandika Chalinze, saa tatu na dakika nne. Kisha Maskati.

Shamsia aliingia humo, akafunga mlango, akampigia tena.

"Ondoka sasa hivi. Hata kwa kuunga magari, saa saba utakuwa umefika."

"Nikifika nitasema nimetoka wapi?"

"Chalinze."

"Dada." Alisikika akivuta pumzi, na nyuma yake lori likirudi kinyumenyume. "Uliniandikia siku thelathini. Nazihesabu kila nikiamka. Zimebaki kumi na moja."

Ilikuwa hesabu sahihi.

Ndipo Mikdad akamweleza, kwa maneno machache, kwamba walimfukuza ghalani Novemba, wakamrudisha na begi moja, na alipoteremka Dar es Salaam miguu ilikataa njia ya Bagamoyo. Chalinze anaziba pancha za malori. Alikuwa amepanga kuja tarehe 20, jioni, wakati baraza halina watu, amweleze mama peke yake.

"Yeye angejua namna ya kuwaambia wengine," alisema Mikdad. "Alikuwa anajua kunitetea. Sasa nimwambie nani?"

"Njoo," Shamsia akasema. "Kuwaambia nitawaambia mimi."

Alitoka akamwita mjomba wake pembeni ya baraza, ila pembeni ya baraza lile si mbali. Alimwomba mazishi yasogezwe hadi alasiri.

"Tunamngoja nani?"

"Mikdad. Yuko Chalinze."

"Nimesema naye sasa hivi, yuko Maskati."

"Hayuko Maskati, mjomba. Ninao ushahidi wa mwezi mzima. Akiondoka sasa atatukuta."

Mzee aliwajua watoto wa dada yake wote wawili, na alijua ni yupi kati yao asiyekosea tarehe. Aliuliza jambo moja tu, kama marehemu alikuwa na habari. Shamsia akasema hapana. Mjomba akafumba macho, akashukuru kwa hilo, akageuka na kutangaza kwamba watazika baada ya alasiri, na kwamba lililosemwa hapa lisivuke baraza. Waliokuwa karibu kiasi cha kusikia walikuwa watano. Mmoja wao ni Khamis, mwanawe mwenyewe.

Kuosha kulianza saa tano. Shamsia alikuwa miongoni mwa wanawake wanne walioingia, na simu aliiacha dirishani nje ya chumba. Alimimina maji mahali alipoambiwa amimine. Aliona kovu la goti ambalo hakuwahi kuliona, akatamani kuuliza limetokana na nini, na wa kuulizwa hakuwepo tena. Walimaliza saa sita na nusu, adhana ya adhuhuri ikitoka.

Alipoichukua simu alifungua kumbukumbu za seva kabla ya kukausha mikono. Kampuni yao ilikuwa na jina moja la waifai kwenye vituo vyake vyote, ili dereva anayelipia wiki apate mtandao popote kwenye njia, na simu ya Mikdad ilijiunga yenyewe kila ilipopita. Saa tano na dakika kumi na mbili, Chalinze. Saa sita na dakika tano, Msata, kwenye hoteli ya chai iliyo njia panda. Alikuwa anakuja. Alitumia usafiri gani haijulikani.

Saa saba na dakika thelathini na nane ikaandikwa Kiwangwa, kwenye banda la wanunuzi wa mananasi. Toka pale hadi Dunda ni kilomita thelathini na kitu, barabara ya lami. Shamsia alikwenda kumwambia mjomba. Mzee akasema alhamdulillahi, akaagiza kanzu ya Mikdad itolewe sandukuni na ipigwe pasi. Shamsia aliipiga yeye. Ilikuwa na alama za kukunjwa za mwaka mzima, na hazikutoka zote.

Hapa inabidi kueleza habari za Khamis. Mtoto wa mjomba ni mtani. Ndivyo walivyolelewa yeye na Mikdad, na katika msiba mtani ana haki yake. Mzee Haji alipokufa, Khamis alilala chini mbele ya jeneza akidai halipiti mpaka alipwe samaki ambaye marehemu alimla, na wafiwa walicheka huku wanalia, Mikdad akiwa wa kwanza. Kumtania mfiwa ni kumwambia kwamba bado ni wa kwao. Kwa hiyo Khamis hakuona kwamba anafanya kosa alipoandika, saa saba na dakika hamsini na mbili, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo chenye watu sitini na wawili:

"Siku hizi ndege ya Maskati inatua Chalinze. Mwarabu wetu yuko njiani, mtandikieni zulia."

Watu tisa wakaweka vikaragosi vya kucheka. Mmoja akauliza, kumbe hakuwahi kwenda? Mwingine akaulizia shamba la Kaole. Shangazi mmoja akaandika astaghfirullah, jamani, maiti hajatoka ndani. Khamis akaufuta ujumbe baada ya dakika kumi na tisa, na waliousoma wakawa wamekwisha usoma.

Saa nane na dakika kumi na nne Mikdad alijitoa kwenye kikundi.

Shamsia alimpigia. Simu iliita hadi ikakatika. Alimpigia mara saba, na kila mara seva ilionyesha kwamba simu ya upande wa pili ipo, ina chaji, ina mtandao, na iko Kiwangwa. Akamwandikia: "Njoo. Kanzu yako iko tayari." Alama za kusomwa zilionekana saa nane na dakika thelathini na moja. Akamwandikia tena. Safari hii aliandika ile sentensi ya chumba kinachofagiliwa Alhamisi, bila kuhakiki chochote. Hiyo haikuonyesha alama ya kusomwa.

Saa tisa na dakika tano, waifai ya bandani ilipokatika na kurudi, tena Kiwangwa.

Khamis alikuja mlangoni kwake, kofia mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alionekana mdogo zaidi. Alisema ulikuwa utani tu, dada, na Mikdad anamjua, Mikdad angemjibu kwa tusi kubwa zaidi yakaisha. Shamsia alimwambia ni kweli. Akamwambia pia kwamba aliyemfikisha Mikdad mahali pa kuogopa utani si yeye Khamis. Khamis hakuelewa, na Shamsia akafungua tena barua yake ya siku thelathini.

Adhana ya alasiri ilitoka saa tisa na dakika arobaini. Mjomba akatuma mtu amuulize Shamsia, yuko wapi? Alijibu Kiwangwa. Baada ya sala mzee akauliza tena mwenyewe, kupitia dirishani, akiwa ameshika fimbo zote mbili kwa mkono mmoja.

"Bado Kiwangwa?"

"Bado, mjomba."

"Anatembea au amekaa?"

Shamsia alitazama mistari. Ilikuwa minne, yote ya mahali pamoja.

"Amekaa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Jeneza lilitoka saa kumi na dakika kumi. Wanawake walibaki nyumbani, kama ilivyo ada, na sauti za wanaume zikafifia upande wa makaburini.

Dadi, aliyekuja msibani moja kwa moja kutoka kazini, ndiye aliyerudi kwanza. Shamsia alimkuta ukutani kwa nje, akamtaka amweleze kwa mpangilio. Nani alishuka kaburini? Dadi akasema walishuka watatu. Mjomba Mwinyijuma alikataa kukaa juu. Aliweka fimbo chini, akateremshwa kwa kushikwa makwapa, na ndiye aliyepokea upande wa kichwa. Khamis upande wa miguu. Wa katikati alikuwa jirani, mzee Shuaibu, kwa kuwa hakukuwa na wa damu mwingine.

"Hakumwangusha?"

Dadi alishangaa swali lile. Akasema hapana, alimshika vizuri, alimlaza taratibu sana. Ila kumtoa mzee mle ndani ilichukua wanaume watatu, na alipofika juu hakuweza kusimama, akakalishwa kwenye mchanga mpaka talakini, maneno anayosomewa maiti kaburini, ikaisha.

Shamsia akamshukuru. Akaingia chumba cha cherehani, akaketi mbele ya seva na buibui lake lingali na alama za maji ya kuoshea. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vinavuliwa, mtu anauliza vikombe viko wapi. Kanzu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuigusa.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili, Kiwangwa, kisha Maskati.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na sita, simu ya Mikdad ilijitambulisha ikiwa Msata, njia ya kurudi Chalinze. Shamsia alingoja sekunde mbili, kisha kumi, kisha dakika nzima. Mstari wa Maskati haukufuata; handaki lilikuwa limezimwa.